Sarafu Kongwe na Sarafu Adimu: Mfano wa Senti za Edward wa Nane

Miongoni mwa maneno ambayo wafasiri huyatumia bila kuyapima ni neno "adimu". Kitu kikiwa cha zamani huitwa adimu. Kikiwa cha ajabu huitwa adimu. Na sarafu iliyookotwa shambani huitwa adimu hata kabla ya kupanguswa udongo. Katika makala haya tunakusudia kulieleza neno hilo kwa mfano wa sarafu za watawala waliokaa kitini kwa muda mfupi. Tumeichagua Tunduma, mkoani Songwe, kuwa mahali pa mfano wetu, kwa sababu hapo mpakani fedha za tawala nyingi zimekutana, na mwalimu au mtumishi wa serikali aweza kuombwa siku yoyote kumsomea mzee Kilatini kilichomo katika senti yake.

Mfalme George wa Tano wa Uingereza alifariki tarehe 20 Januari 1936. Mwanawe, Edward wa Nane, alirithi kiti siku hiyo hiyo, akakiacha tarehe 11 Desemba mwaka huo huo bila ya kutawazwa. Katika muda huo mfupi zilipigwa chapa, kwa jina lake, sarafu za Afrika Mashariki za senti 5, ambayo wazee waliiita ndururu, na za senti 10. Zote mbili ni za shaba na zina tundu katikati. Kwa hiyo hazikuhitaji kichwa cha mfalme, bali taji, jina na cheo tu. Sarafu za Uingereza zenyewe zilikuwa zingali zikingojea sura yake, naye akaondoka kabla hazijaingia sokoni.

Anayetaka kuitambua sarafu hiyo asitosheke na mwaka. Zipo senti za 1936 zenye jina la baba na zipo zenye jina la mwana, na kwa mbali hufanana kama mapacha. Maandishi yanayotafutwa ni haya: EDWARDVS VIII REX ET IND: IMP:. Hapa wasomaji wengi hukwama, kwani Kilatini cha sarafu huandika V mahali pa U. Katika GEORGIVS V, herufi V ya kwanza ni sauti na ya pili ni tarakimu ya tano. Mwenye kuzichanganya humpa mfalme jina ambalo hakupata kuwa nalo.

Ugumu wa pili umo katika IND: IMP:, yaani Indiae Imperator. Neno imperator ndilo lililochapwa, kwa kifupi hicho hicho cha IMP, katika sarafu za watawala wa Roma ya kale. Tukiwa tumekwisha kulitumia "mfalme" kwa rex, hatuwezi kulirudia kwa imperator bila ya kuvifanya vyeo viwili kuwa kimoja. Sisi tunaona "kaisari" linafaa. Wasomaji wa Biblia wanalifahamu, na vitabu vya historia humwita mtawala wa Wajerumani Kaizari, neno la asili hiyo hiyo. Basi na isomwe: Edward wa Nane, Mfalme na Kaisari wa India.

Tundu peke yake si ushahidi. Wajerumani walitoa hela 10 yenye tundu tangu 1908, nayo pia ina taji, ila imeandikwa DEUTSCH OSTAFRIKA. Ng'ambo ya mpaka, Rhodesia ya Kusini ilianza kutoa peni yenye tundu mwaka 1934, na Zambia nayo ikatoa ya kwake mwaka 1966. Baada ya jina, hutazamwa alama ya kiwanda: H ni ya Heaton wa Birmingham, KN ni ya King's Norton, na isiyo na alama ilitoka katika kiwanda cha serikali, London.

Je, senti ya Edward ni adimu? La hasha. Zilipigwa kwa mamilioni, na zimebaki nyingi. Utawala ndio uliokuwa mfupi, si sarafu iliyokuwa chache; na hapa ndipo mwenye mali hudanganywa, au hujidanganya. Mwaka 2020 pauni ya dhahabu ya majaribio yenye sura ya Edward huyo huyo iliuzwa kwa pauni 1,000,000 za Uingereza. Habari kama hiyo ikitafsiriwa kwa "sarafu ya Edward wa Nane" bila ya kutaja dhahabu wala majaribio, mtu wa Tunduma mwenye ndururu atauza mbuzi kwa nauli ya kuifuata bahati isiyokuwapo.

Kinyume chake ni rupia 15 za dhahabu, zenye picha ya tembo, zilizopigwa katika karakana ya reli ya Tabora mwaka 1916. Kaizari Wilhelm wa Pili alitawala miaka 30, lakini sarafu hizo hazikuzidi sana 16,000. Roma nayo yatoa mfano: Otho alitawala kama miezi mitatu tu mwaka 69, na fedha zake si rahisi kupatikana, Quintillus hakutimiza hata mwaka mmoja mnamo 270, na sarafu zake ni nyingi.

Tunapendekeza, basi, "sarafu kongwe" itumike kwa iliyo ya zamani tu, na "sarafu adimu" kwa ile iliyobaki chache, hata ikiwa ya juzi. Upande wenye jina la mtawala uitwe uso, na wa pili mgongo. Hali ya sarafu nayo itajwe, pamoja na kama imesuguliwa kwa mchanga au ndimu, maana wakusanyaji huikimbia iliyosuguliwa. Stakabadhi ya mauzo ingeweza kuandikwa hivi: "Senti 10 ya Afrika Mashariki, shaba, 1936, jina la Edward wa Nane, alama KN usoni au mgongoni kama ionekanavyo, imechakaa kiasi, haijasuguliwa, kongwe, si adimu."