Baiskeli ya Kuegemea: Ipi Inamfaa Nani?

Baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono si ngeni sokoni wala kwenye vituo vya matatu. Ngeni kwa wengi ni zile ambazo mwendeshaji huegemeza mgongo kwenye kiti na kunyonga miguu ikiwa imenyooshwa mbele. Familia inayotafuta chombo cha kumwezesha mtu wake kutoka nyumbani yafaa izijue zote, kwa sababu chombo kisichomfaa mwendeshaji huishia kushika kutu nyuma ya nyumba.

Mwenye miguu imara lakini anayeumwa na mgongo au viganja anaweza kutumia ya magurudumu mawili, kwani uzito hukaa mgongoni na makalioni. Si baiskeli ya wagonjwa: mwaka wa 1933 Mfaransa Francis Faure aliendesha moja zaidi ya kilomita 45 kwa saa moja na kuvunja rekodi. Mwaka uliofuata, chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli kilizipiga marufuku mashindanoni. Hata hivyo mlimani hutesa, maana huwezi kusimama juu ya pedeli.

Aliyepata kiharusi au asiyeweza kujisawazisha anahitaji magurudumu matatu. Yenye mawili mbele hutulia kwenye kona, ila kiti chake kiko chini sana. Kuinuka ni kazi, na dereva wa lori huenda asikuone. Ifungie bendera kwenye kijiti kirefu. Yenye mawili nyuma kwa kawaida ina kiti cha juu kidogo, rahisi kuhamia kutoka kiti cha magurudumu, na nafasi ya mzigo. Ukikata kona kwa kasi, hupinduka. Zote mbili husumbua kwenye murram, kwa kuwa ukikwepa shimo kwa gurudumu moja, jingine linaingia.

Kwa asiyetumia miguu, ile ya mikono tuliyoizoea bado ndiyo bora kwa biashara na safari za kila siku: unaketi wima, unaonekana, unabeba bidhaa. Kasoro yake ni mlima wenye changarawe. Gurudumu la mbele, ambalo ndilo huvuta, huteleza mzigo ukizidi nyuma. Zile za kulala, zinazotumika katika mbio za Olimpiki za Walemavu tangu Athens 2004, ni za lami na mazoezi.

Asiye na hisia sehemu za chini asikubali chombo chochote bila mto maalum. Vidonda vya kukalia huanza bila maumivu na vinaweza kuua.

Uliza pia vipuri. Tairi ya kipimo cha kawaida hupatikana kwa fundi yeyote. Cheni ya baiskeli ya kuegemea ni ndefu, mara nyingi hulazimu kuunganisha mbili au tatu.

Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu anayeishi na ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia. Maombi hupokelewa katika ofisi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu iliyo katika kaunti. Kabla ya kuchagua, mwone mtaalamu wa tiba ya viungo hospitalini. Aende mwendeshaji mwenyewe apimwe, na mpime upana wa mlango wa nyumba: nyingi za baiskeli hizi hazipiti, na usiku haziwezi kulala nje.