NESI ALIMGONGA MKE WANGU GOTI, NIKAZUA KASHESHE WODINI!

Leo sina habari ya mume wa mtu wala mke wa mtu. Leo najianika mwenyewe, tena kwa kosa ambalo kila nikilikumbuka masikio yanachemka kwa aibu.

Ilikuwa mwaka 2011, hapa hapa Dar. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, miezi minane. Miguu ikavimba, viatu vyote vikamkataa, tukacheka. Akalalamika kichwa, nikamnunulia vidonge dukani. Akasema anaona nyota nyota, nikamwambia alale. Alfajiri moja akakakamaa kitandani, macho juu, povu mdomoni. Mama mkwe akasema hilo shetani, atafutwe mtaalamu. Bahati jirani yetu alikuwa dereva wa teksi, hakusikiliza la mtu, akatubeba mpaka hospitali. Kumbe ni kifafa cha mimba, presha iko juu ya mnazi!

Wakamwanzishia dawa inaitwa magnesiamu salfeti. Usitishwe na jina. Ni chumvi ile ile ya haluli ambayo mabibi zetu walikunywa kusafisha tumbo, ila hii ya hospitali imetengenezwa kwa ajili ya sindano. Gramu 4 kwenye mshipa, polepole, kisha gramu 5 kila kalio. Baada ya hapo gramu 5 kila saa 4, leo kalio hili, zamu ijayo lile, hadi zitimie saa 24 tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho, lolote lililokuja nyuma. Inauma hiyo, si mchezo. Hata wakichanganya na dawa ya ganzi, mgonjwa anajua amechomwa.

Saa 8 mchana binti yetu akazaliwa, bila kupasuliwa. Mimi nje huko nikaanza kujiona bingwa.

Saa 10 jioni, muda wa kuona wagonjwa, nikaingia na chupa ya uji. Kwenye cheti kilichoning'inia kitandani nikasoma: sindano nyingine saa 10. Sawa. Akaja nesi, mama wa makamo, mfukoni ana kinyundo cha mpira. Akakaa, akatazama saa yake na kifua cha mke wangu dakika nzima, kimya. Halafu akamkunja mguu, akamgonga chini ya goti. Akagonga tena. Akagonga na la pili. Akainama kutazama mfuko wa mkojo ulioning'inia pembeni, akapima, akaandika. Sindano hakuchoma! Akaondoka zake.

Hapo mwenzenu nikawaka.

"Sista, hiyo sindano ya mke wangu mmempa nani? Au mmeshaiuza?"

Wodi nzima ikageuka. Mama mkwe akadakia, eti wanamfanyia mtoto wake mchezo, wanampiga magoti badala ya kumtibu. Nikasema kama ni chai, niambiwe bei. Jamani, mtu mzima mimi, nayasema hayo mbele ya wazazi 20!

Yule mama hakupandisha sauti. "Baba, goti lake halirushi. Anapumua mara 14 kwa dakika, nataka 16 kwenda juu. Na mkojo wa saa 4 ni mililita 70, nilitaka 120. Nikimchoma sasa hivi, unaweza kuondoka naye kwa gari jingine."

Nikakaa.

Baadaye alinieleza, na sijasahau mpaka leo. Dawa ile inatuliza degedege, lakini inatoka mwilini kwa njia ya mkojo. Figo zikisuasua, inajazana damuni. Cha kwanza kunyamaza ni goti. Ikizidi, pumzi zinapungua mpaka mtu anasahau kupumua, mwisho moyo. Kwa hiyo goti ndilo kengele ya mlango. Si lazima usubiri majibu ya maabara. Kinyundo, saa ya mkononi na kikombe cha kupimia mkojo vinakwambia mapema. Na kwenye sinia, pembeni ya kitanda, kulikuwa na kichupa kidogo ambacho mimi nilikidharau: kalsiamu glukoneti, gramu 1. Hiyo ndiyo inayoivuta magnesiamu shati ikizidi.

Na msije mkaiogopa dawa yenyewe. Mwaka 1995 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa nchi kadhaa, wanawake 1,687 wenye kifafa cha mimba, na magnesiamu ikaziacha mbali dawa zilizozoeleka, diazepamu na fenitoini, kwa kuzuia degedege lisirudi. Mwaka 2002 ukaja mwingine wa wanawake kama 10,000 wa nchi 33, ukaonyesha kwamba wenye dalili za hatari wakipewa mapema, uwezekano wa kuanguka kifafa unapungua zaidi ya nusu. Dawa ni nzuri. Inataka mtu wa kukaa nayo tu, na usiku ule mtu huyo alikuwa mmoja na vitanda sikuweza kuvihesabu.

Daktari akaitwa, akakubaliana naye: sindano isubiri. Wakamwekea oksijeni, nesi akawa anarudi kila mara. Anahesabu, anagonga, anaandika. Mimi nje kwenye benchi, kila akipita namtazama mkono kama ameshika kile kichupa. Hakukishika.

Saa 3 usiku akanichungulia mlangoni. "Goti limerusha. Pumzi 18. Mkojo unakuja." Sindano ikachomwa.

Kesho yake nikaenda na soda mbili za baridi na maneno ya kuomba radhi niliyoyapanga usiku kucha. Sikufika hata nusu.

"Soda weka mezani, baba," akasema, kinyundo mkononi. "Ngoja kwanza nimalize magoti."