Udongo Mweupe si Lazima Uwe wa Chumvi: Ufahamu Udongo wa Jasi Kabla Hujakodi Shamba



Wiki mbili zilizopita kijana mmoja alinitumia picha kwenye simu. Alikuwa amesimama kwenye shamba la ekari 10 huko tambarare za Same, upande wa Makanya, anataka kukodi alime vitunguu. Maji yapo, barabara ipo, bei ya kodi ni nzuri. Tatizo ni moja: kwenye ukuta wa shimo lililochimbwa pembeni mwa shamba kulikuwa na kitu cheupe kinametameta kama sukari. Akaniuliza, "Afisa, hii si chumvi? Niachane nalo?" Mwenzake aliyekuwa naye akadakia, "Hiyo ni jasi bwana, si ndiyo dawa ya udongo? Weka hela!"

Nataka niseme wazi kwamba na mimi niliwahi kuteleza hapo hapo. Mwaka wangu wa kwanza kazini, diploma ikiwa bado mpya, nilimwambia mzee mmoja mwenye shamba gumu, lisilopitisha maji, anunue jasi amwage. Akanunua magunia, akamwaga, msimu ukaisha, hakuna kilichobadilika. Udongo ulipopelekwa maabara ndipo tukakuta una jasi yake ya kutosha tangu zamani. Shida yake ilikuwa tabaka lililoshindiliwa chini. Mzee hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, siku nyingine pima kwanza." Maneno hayo sijayasahau, na ndiyo sababu ya makala hii.

Jasi ni nini hasa?

Jasi ni madini yenye kalsiamu, salfeti na maji. Usishangae nikisema maji: karibu asilimia 21 ya uzito wa jasi safi ni maji yaliyofungwa ndani ya madini yenyewe. Hapa kwetu inachimbwa Makanya, Itigi na Kilwa, na wateja wake wakubwa ni viwanda vya saruji.

Jambo la kukumbuka ni jinsi inavyoyeyuka. Lita moja ya maji inayeyusha kama gramu 2.5 tu za jasi. Chumvi ya mezani inayeyuka zaidi ya gramu 350 kwa lita hiyo hiyo. Chokaa yenyewe haiyeyuki kabisa, ukilinganisha na hizo mbili. Kwa hiyo jasi ipo katikati, na hapo ndipo tabia zake zote zinapoanzia, nzuri na mbaya.

Kwa nini jangwani?

Mvua ikiwa nyingi, jasi inayeyuka kidogo kidogo na kuondoka na maji. Ndiyo maana huwezi kuikuta imerundikana kwenye udongo wa Rungwe au Bukoba. Ili ibaki, panatakiwa pawe pakavu sana. Udongo wenye jasi nyingi upo Iraki na Siria, kwenye majangwa ya Mashariki ya Kati na Asia ya Kati, Libya, Namib, Australia na kusini magharibi mwa Marekani. Duniani kote unakadiriwa kufika kama hekta milioni 100.

Mvua chache za jangwani zinafanya kazi kama chujio. Zinaposhuka ardhini, chokaa inaachwa juu kwa sababu ni nzito kuyeyuka, jasi inafuata chini yake, na chumvi inakwenda chini zaidi. Lakini kama maji ya ardhini yapo karibu, mambo yanageuka: maji yanapanda, jua linayakausha, na kila kilichokuwa ndani yake kinabaki juu. Ukiona weupe juu ya ardhi kabisa, jiulize kwanza maji ya chini yapo umbali gani.

Same si jangwa, naelewa. Lakini ni kukavu, na jasi ipo. Tukiujua udongo huu pale ulipo mwingi, hautatusumbua pale ulipo kidogo.

Wataalamu wanaupangaje?

Kuna mifumo miwili utakayokutana nayo kwenye ripoti.

Mfumo wa kimataifa unaitwa WRB. Humo udongo huu una kundi lake, Jipsisoli. Ili udongo uingie humo, lazima tabaka la jasi lianze ndani ya sentimita 100 kutoka juu. Tabaka lenyewe liwe na unene wa sentimita 15 au zaidi, jasi isipungue asilimia 5, na ukizidisha unene kwa asilimia upate angalau 150. Mfano: tabaka la sentimita 30 lenye jasi asilimia 6 linakupa 180, limefaulu. La sentimita 20 lenye asilimia 6 linakupa 120, halijafika.

Mfumo wa Marekani unaanza na udongo wa nchi kavu, Aridisoli, halafu wenye tabaka la jasi unawekwa kwenye kundi dogo la Jipsidi. Kama jasi imeganda ikawa kama jiwe, unaitwa Petrojipsidi.

Utasema, "Haya majina yananihusu nini, mimi nauza vitunguu?" Yanakuhusu, kwa sababu ndani yake kuna maswali matatu ambayo mkulima lazima ayajibu: jasi ni asilimia ngapi, inaanzia kina gani, na ni unga au imeganda?

Tabia zake shambani

*Asilimia.* Jasi mpaka asilimia 2 hivi ni rafiki wa mmea. Ikiwa ya unga na haijazidi asilimia 25, mazao mengi yanavumilia. Ikizidi hapo, mavuno yanaanza kushuka. Dawa ikizidi huwa sumu.

*Rutuba.* Jasi yenyewe haishiki virutubisho. Kila inapoongezeka, inachukua nafasi ya mfinyanzi na mboji ambavyo ndivyo ghala la mbolea. Halafu kalsiamu ikiwa nyingi mno, mmea unapata shida kuchukua potasiamu na magnesiamu, na fosforasi nayo inafungwa. Unaweka mbolea, mmea bado una njaa.

*Mizizi.* Jasi ya unga mizizi inapita. Ikiganda, mizizi inafika pale inageuka kwenda pembeni. Kama tabaka hilo lipo sentimita 25 chini, una shamba la kina cha beseni.

*Chumvi na magadi.* Hapa ndipo wengi wanachanganya. Udongo wa magadi una sodiamu nyingi, pH yake kwa kawaida inazidi 8.5, na maji hayapiti. Jasi inautibu kwa sababu kalsiamu yake inaitoa sodiamu kwenye mfinyanzi, kisha maji yanaiosha na kuiondoa. Udongo wa jasi wenyewe pH yake mara nyingi ni 7 mpaka 8 na kitu. Kumwaga jasi hapo ni kupeleka mchanga ufukweni.

Funzo la mto Frati

Siria ilimaliza bwawa kubwa la Tabqa kwenye mto Frati mwaka 1973. Mpango ulikuwa kumwagilia hekta zaidi ya laki 6. Sehemu kubwa ya ardhi ile ikakutwa ina jasi. Maji yalipoanza kupita kwenye mifereji, yakapenya kwenye nyufa, yakayeyusha jasi iliyo chini, na kuta zikaanza kubomoka. Sehemu nyingine ardhi ikatitia. Ule mpango haukuwahi kufikia ukubwa uliopangwa, na jasi ni moja ya sababu kubwa.

Jirani yao Iraki wana bwawa la Mosul kwenye mto Tigris, lililojengwa miaka ya 1980 juu ya miamba yenye jasi. Tangu wakati huo mafundi wanalazimika kusukuma saruji chini ya bwawa kila mara kuziba matundu yanayofunguka.

Sasa lete hesabu hiyo shambani kwako. Maji ya kina cha milimita 100 kwenye hekta moja ni lita milioni 1. Maji hayo yakishiba jasi, yanaweza kubeba mpaka tani 2.5. Zikitoka shamba zima kwa usawa hutaona kitu. Lakini zikitoka sehemu moja, pale mfereji unapovuja, msimu ukiisha una shimo la kumeza pawatila. Halafu salfeti inakula zege la kawaida. Tanki au mfereji wa saruji uliojengwa juu ya udongo huu unahitaji saruji inayostahimili salfeti.

Lakini nisikutishe bure. Penye maji ya kutosha na mifereji mizuri ya kutoa maji, hata udongo wenye jasi ya unga asilimia 25 na zaidi umewahi kutoa lusini tani 10 kwa hekta, pamoja na ngano, mahindi, zabibu na tende. Udongo huu unalimika, ila hautaki mtu anayekurupuka.

Pima mwenyewe kabla ya kutoa hela

1. Chimba mashimo manne au matano, kila moja kina cha mita 1, juu, katikati na chini ya shamba. Shimo moja halitoshi. Andika weupe unaanzia sentimita ngapi.

2. Kwaruza kwa ukucha. Jasi ni laini, ukucha unaacha alama. Kama hapakwaruziki, huenda ni chokaa iliyoganda au jiwe jingine.

3. Dondoshea siki. Chokaa inatoa povu, jasi haitoi. Zikiwa zimechanganyika povu litatoka pia, kwa hiyo kipimo hiki peke yake hakikupi jibu la mwisho.

4. Tikisa udongo kwenye chupa ya maji safi, uache usiku mzima. Udongo wa magadi maji yake yanabaki ya tope. Wenye jasi, udongo unatuama na maji yanabaki meupe.

5. Halafu nenda maabara. Omba pH, EC, sodiamu na asilimia ya jasi. Waambie mapema kwamba unashuku jasi, ili sampuli ikaushwe kwa joto dogo, nyuzi 40 mpaka 50. Wakiikausha kwa nyuzi 105 kama ilivyozoeleka, yale maji yaliyofungwa ndani ya jasi yanatoka na hesabu zote zinapotoka.

Ukisoma EC, kumbuka hili: maji yaliyoshiba jasi peke yake yanasoma karibu dS/m 2. Namba hiyo isikukimbize. Ikiwa 6 au 8, ujue kuna chumvi nyingine imejificha, na vitunguu havivumilii chumvi.

Ukiamua kulima

Usisawazishe shamba kwa greda kabla hujajua kina cha jasi. Ukikwangua udongo wa juu, unaileta jasi kitandani. Tumia mabomba na umwagiliaji wa matone badala ya mifereji ya udongo. Weka samadi au mboji kila msimu, na mbolea igawe kidogo kidogo, karibu na mmea. Kagua sehemu zinazovuja kila wiki. Panapotitia, ziba mapema.

Jasi ikiwa imeganda ndani ya sentimita 30, ushauri wangu ni mfupi: tafuta shamba jingine. Ikiwa ya unga na ipo chini ya sentimita 60, kaa mezani na mwenye shamba mzungumze bei.

Yule kijana alichimba mashimo matano. Matatu ya upande wa bondeni, weupe ulianza sentimita 80, unga mtupu. Mawili ya upande wa juu jembe liligonga kitu kigumu sentimita 25 tu. Alimrudia mwenye shamba na vipimo vyake kwenye daftari, akaomba ekari 6 za bondeni pekee, na wamekubaliana malipo yafanyike ripoti ya maabara ikitoka. Mashimo yale yalimgharimu siku moja na jasho. Kodi ya ekari 4 asizoweza kuzilima ingemgharimu mtaji wa msimu.

Kama alivyoniambia yule mzee: pima kwanza. Tukutane shambani.