Lisbon, Mji Uuzao Safari Zake za Kale

Mji wa Lisbon, uliojengwa juu ya vilima kando ya mto Tejo, pale ambapo maji ya mto yakaribia kuingia katika bahari ya Atlantiki, uliishi zamani kwa biashara ya pilipili, dhahabu na watumwa, na leo waishi, kwa sehemu kubwa, kwa biashara ya wageni wanaokuja kuyatazama majengo yaliyosimamishwa kwa faida ya biashara ile ya kwanza. Sisemi hayo kwa mafumbo. Monasteri ya Jerónimos iliyoko Belém, ambayo ujenzi wake ulianza mwanzoni mwa karne ya 16 kwa amri ya Mfalme Manuel I, iligharimiwa kwa ushuru wa asilimia 5 hivi uliotozwa mali iliyotoka Afrika na Bara Hindi. Na mgeni akataye tiketi mlangoni leo, baada ya kusimama juani muda mrefu, aingia katika nyumba ambayo watu wa pwani za mbali, na wazee wetu wakiwamo, walikwisha kuilipia kabla hajazaliwa babu wa babu yake.

Ukubwa wa tijara hii hauhitaji kutiwa chumvi. Mwaka 2024 nyumba za wageni za Ureno nzima zilipokea watu zaidi ya milioni 31, waliolala humo jumla ya siku zaidi ya milioni 80, katika nchi ambayo wakazi wake ni milioni 10 na ushei tu. Uwanja wa ndege wa Lisbon, uliofunguliwa mwaka 1942 na ambao sasa umezungukwa na mji, ulipitisha abiria zaidi ya milioni 33 mwaka 2023, na ndege zikishuka hupita chini mno juu ya mapaa hata mtu aliye barazani husita kusema mpaka mngurumo upite. Kwa ajili hiyo serikali iliamua Mei 2024 kwamba uwanja mpya ujengwe Alcochete, ng'ambo ya mto, nao uitwe kwa jina la mshairi Luís de Camões.

Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 2011 Ureno ilikuwa imeelemewa na madeni, ikakopeshwa euro bilioni 78 na Umoja wa Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa kwa masharti mazito, na katika dhiki ile watawala wakaifungulia milango fedha ya wageni kwa kila njia waliyoweza. Mwaka 2012 sheria ya upangaji ililegezwa ili mwenye nyumba aweze kupandisha kodi iliyokuwa imefungwa kwa miaka mingi. Mwaka huo huo mgeni aliyenunua nyumba ya euro 500,000 akaweza kupewa hati ya ukaazi. Na mwaka 2014 ikawa wepesi kwa mwenye chumba kukiandikisha na kukipangisha watalii kwa siku mbili tatu. Matokeo yake yaonekana kwa macho mitaani. Nyumba zilizokuwa zikibomoka zimepakwa chokaa na kuezekwa upya, mafundi wamepata kazi, vijana wamefungua mikahawa. Walakini bibi aliyezaliwa katika moja ya nyumba hizo, akaolewa humo na kufiwa humo na mume wake, amehamia pembezoni mwa mji, kwa kuwa pensheni yake haishindani na malipo ya mgeni wa siku tatu. Baraza la mji lilisimamisha uandikishaji mpya katika mitaa ya kale tangu mwaka 2018, na bunge likaifunga njia ya hati kwa ununuzi wa nyumba mwaka 2023, lakini aliyekwisha kuhama hakurudishwa na sheria hizo. Mimi naamini kwamba faida ya biashara hii ni ya kweli, na naamini pia kwamba haikugawanywa kwa haki. Na msafiri apangaye safari yake kwa makini aweza, kwa uteuzi wa kitanda chake na saa zake, kuipeleka fedha yake mahali inapostahili.

Mtaa wa Alfama ndio uliojeruhiwa zaidi. Jina lake latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya chemchemi ya maji ya moto, ambalo ni ndugu wa hamamu yetu, kwa maana Waislamu waliutawala mji huu kwa karne nne hata ulipotekwa na Afonso Henriques mwaka 1147. Vichochoro vyake ni vyembamba kama vya Lamu, ngazi juu ya ngazi, na barabara zake zimesakafiwa kwa vipande vidogo vya mawe ya chokaa, vilivyong'arishwa na nyayo hata vikawa kama sabuni siku ya mvua. Msafiri na achukue viatu vyenye soli ya kushika, asiichukulie nasaha hii kuwa ndogo. Humo hupita bajaji, naam, bajaji zile zile tuzijuazo sisi, nyingi zikiwa za umeme, zimejaa watalii kwa malipo ambayo dereva wa Kariakoo angeyahesabu kuwa ya wiki nzima. Humo hupita pia tramu namba 28, behewa dogo la mbao la mtindo wa miaka ya 1930, lililobakizwa kwa sababu tramu mpya ndefu haziwezi kukata kona zile. Na kwa kuwa wageni wameligeuza kuwa tamasha, mzee wa mtaani mwenye kikapu cha sokoni aghalabu hubaki kituoni akilitazama likipita limejaa. Chombo cha kazi kikigeuzwa kuwa maonyesho, hubeba mzigo ambao waundaji wake hawakuukadiria. Septemba 3, 2025, behewa jingine la mjini humo, la Glória, lililokuwa likipanda kilima kwa kamba tangu mwaka 1885, lilikatikiwa na kamba yake likaanguka, na watu 16 wakafa, wenyeji na wageni pamoja.

Atokaye Afrika Mashariki hana ndege ya moja kwa moja. Atapitia Istanbul, Dubai au mji mwingine wa kati. Viza yake ni ile ya Schengen, ambayo ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na maombi hupokelewa tangu miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla yake, pamoja na bima ya afya isiyopungua euro 30,000. Miezi ya Julai na Agosti ni ya joto na msongamano. Juni ni mwezi wa sikukuu ya Mtakatifu António, ambapo mji mzima hunuka dagaa wa kuchoma na vitanda hupanda bei. Basi achaguaye Aprili, Mei au Oktoba atakuwa amechagua vyema. Baraza la mji hutoza kila mgeni euro 4 kwa usiku, kwa nyusiku zisizozidi saba, watoto wasiotimia miaka 13 wakisamehewa. Kodi hiyo ilianza kwa euro moja tu mwaka 2016. Mume na mke walalao siku tano watatoa euro 40 juu ya malipo ya chumba, na fedha hiyo lazima iwekwe katika hesabu tangu nyumbani, isije ikazua mabishano mapokezini.

Kuhusu malazi, rai yangu ni hii: alale katika hoteli au nyumba ya wageni iliyo kwenye njia ya metro, kama vile Arroios au Alvalade, ambako bado kuna kinyozi, fundi viatu na duka la mikate la watu wa mtaa, au avuke mto kabisa, alale Almada, na kila asubuhi apande kivuko cha Cacilhas pamoja na makarani na wafanyakazi wa maduka, kama mtu avukaye kutoka Kigamboni kwenda kazini. Safari ya majini ni dakika kumi hivi, na mandhari ya mji ayaonayo humo bila malipo ya ziada hayapungui yale yauzwayo kwenye mashua za watalii.

Na mezani kuna jambo moja ambalo mtu wa pwani hana budi kulijua. Kwetu sisi kilichowekwa mbele ya mgeni kabla hajasema neno ni makaribisho. Kule, mkate, zeituni na jibini zinazoletwa pindi tu mtu aketipo ni bidhaa yenye bei yake katika orodha. Asiyezitaka husema ahsante, ziondolewe, na asiyezigusa hapaswi kutozwa. Hakuna hila ndani yake, ni desturi ya biashara yao, nayo ni ya wazi kwa aisomaye orodha. Mwislamu atafutaye chakula cha halali atakipata upesi kandokando ya uwanja wa Martim Moniz, kwenye mikahawa ya watu wa Bangladesh na Pakistan, na msikiti mkuu wa mji, uliofunguliwa mwaka 1985, haufichiki.

Viunga vya mji vyataka siku zao wenyewe, na kwa hakika Sintra yataka siku mbili, ijapokuwa wauza safari wengi huiuza kwa nusu siku pamoja na Cascais na rasi ya Roca, ambayo ndiyo ncha ya magharibi kabisa ya bara la Ulaya. Treni hutoka stesheni ya Rossio, katikati ya mji, na kwa muda wa dakika 40 hivi humfikisha mtu chini ya milima yenye ukungu, miti mikubwa na makasri, ambayo UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia mwaka 1995. Kasri mashuhuri kupita yote ni Pena, lililojengwa na Mfalme Ferdinand II juu ya magofu ya monasteri iliyoharibiwa na zilzala ya mwaka 1755. Kampuni ya umma iliyoundwa mwaka 2000, ambayo hulitunza kasri hilo pamoja na misitu na ngome ya Waarabu iliyo jirani yake, haitegemei fungu la bajeti ya serikali. Huishi kwa tiketi zake, na kwa tiketi hizo huezeka, hupaka rangi na kupanda miti. Huo ndio mfano wa uendeshaji ambao ningependa wenye dhamana ya mambo ya kale katika nchi zetu wauchunguze kwa kina. Lakini tiketi ya Pena ina saa yake, na saa hiyo ni ya kuingia mlango wa kasri lenyewe, si lango la bustani lililo chini. Kutoka langoni mpaka juu ni mwendo wa karibu nusu saa wa kupanda. Wengi hulifikia lango kwa wakati, wakafurahi, wakapiga picha za maua, kisha wakafika juu wakiwa wamechelewa dakika kumi, na mlango haukuwangoja. Basi mtu akate tiketi ya asubuhi ya mapema, siku nyingi kabla, na awe langoni saa nzima kabla ya saa iliyoandikwa.

Siku ya Jumatatu makumbusho mengi yamefungwa, na Jerónimos pia. Siku hiyo na itengwe kwa kivuko, masoko na miguu. Nami ningemshauri msafiri katika matembezi hayo apite Rua do Poço dos Negros, njia ya kawaida yenye maduka ya kawaida, ambayo jina lake lakumbusha shimo lililochimbwa kwa amri ya mfalme mwaka 1515 ili watupwe humo maiti za watumwa. Ukingoni mwa mto, Belém, umesimama mnara mkubwa wa mabaharia uliozinduliwa mwaka 1960, na mabasi ya watalii hujipanga mbele yake tangu asubuhi; kwenye njia ile ya shimo basi halisimami. Wapo, hata hivyo, waongozaji wachache ambao sasa hufanya matembezi ya kufuata nyayo za Waafrika mjini Lisbon, na kazi yao yastahili kulipwa vizuri kuliko nyingine zote nilizozitaja.

Nimeiacha mwisho bidhaa iliyo adimu kuliko zote. Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, Vasco da Gama alitia nanga mbele ya Kilwa, akamtisha mtawala wake, Amiri Ibrahim, kwa mizinga, akamtoza kodi ya dhahabu, ambayo hutajwa kuwa mithkali 1,500, dhahabu iliyokuwa imeletwa kutoka Sofala kwa majahazi. Miaka mitatu baadaye Wareno walirudi wakauteka mji. Dhahabu ile Mfalme Manuel alimpa sonara Gil Vicente, naye akaitengeneza chombo cha ibada kilichokamilika mwaka 1506, na mfalme akakiusia Monasteri ya Jerónimos. Leo kimo katika Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes, na kwa kuwa majumba haya hufungwa mara kwa mara kwa matengenezo, msafiri na aulize kabla hajakata tiketi.

Mimi nilifika asubuhi ya Jumanne, mapema, na chumba kilikuwa karibu kitupu. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti, kila mmoja na sura yake, na nguo zao zimetiwa rangi kwa ustadi ambao hata leo hulifanya jicho lisite; juu yao amening'inia njiwa mweupe, na chini yao zimo tufe ndogo zilizokuwa nembo ya mfalme. Nikawa nawaza kwamba Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 1981, miaka miwili kabla ya Jerónimos kuandikwa, na kwamba aendaye huko bado huvuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko akiwa na wenzake wachache, na asipange foleni yoyote. Mlinzi, mwanamke wa makamo, alipoona nimeduwaa pale muda mrefu, alinijia akaniuliza kwa upole natoka nchi gani. Kitako cha chombo kile kimezungushiwa maandishi yanayosema kilitengenezwa kwa kodi ya wapi. Niliinama, nikapeleka kidole karibu na kioo bila kukigusa, nikalifuata herufi kwa herufi neno lililoandikwa Kireno, Quiloa, nikamwambia kwamba natoka upande huo.