Zamu ya upatu ndani ya simu: kwa nini majina hubadilisha nafasi

Msikilizaji, tuseme kikundi chenu cha upatu kimetengenezewa programu ya kuonyesha zamu. Jana Mama Asha alikuwa wa kwanza. Leo programu imewashwa upya, na Mama Asha ni wa tano. Msigombane bado, huenda hakuna aliyechezea majina.

Tuchukue lugha ya Python, inayotumika sana kuandika programu. Ina namna kadhaa za kuhifadhi majina. Orodha ni foleni: aliyeingia kwanza hutajwa kwanza. Seti ni kapu: inajua nani yumo na haikubali jina lijirudie, lakini haikumbuki nani alitangulia. Ndiyo maana majina yaleyale yanaweza kutoka kwa mpangilio mwingine programu ikiwashwa tena. Kamusi, inayounganisha jina na namba ya simu, nayo haikuahidi mpangilio wowote hadi toleo la 3.7 la mwaka 2018. Tangu hapo hufuata majina yalivyoingizwa.

Kwa hiyo tunawashauri mwulizeni fundi wenu: zamu zetu umeziweka wapi? Kila jina liwe na namba yake ya zamu, na programu ipange kwa namba hiyo. Na daftari la katibu msilitupe.