Tuwakatae Kupe wa Mitandaoni

Fundi cherehani, mama lishe na muuza vitenge leo hutangaza kazi zao mitandaoni. Jambo hilo ni jema, nasi tunaliunga mkono. Lakini wamezuka kupe wanaotaka kunyonya jasho hilo.

Wako wanaowapigia simu wenye maduka wakiahidi kwamba, kwa malipo ya mapema, duka lao litatokea la kwanza kila mteja atafutapo katika Google. Huo ni ulaghai. Google yenyewe imetamka kwamba hakuna awezaye kuihakikisha nafasi hiyo. Na kuliweka duka katika ramani yake ni bure. Wengine huuza wafuasi kwa maelfu. Wafuasi hao ni majina matupu: hawali, hawavai, wala hawanunui. Walio hatari zaidi hujifanya maofisa wa Facebook, wakitishia kuufunga ukurasa wa mfanyabiashara asipowapa neno lake la siri. Akilitoa, ukurasa umekwenda pamoja na wateja wake.

Wahenga walinena: mwamba ngoma huvutia ngozi kwake. Basi aombaye fedha kabla ya kazi aulizwe ofisi yake iko wapi na amewahi kumhudumia nani. Neno la siri asipewe mtu yeyote. Ujumbe wa simu wa kitapeli upelekwe namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo. Hata hivyo, sheria humwandama mwizi baada ya wizi. Hadhari ya mwananchi ndiyo itanguliayo.