Jumamosi Saba za Ann Arbor

Jiji la Ann Arbor, katika jimbo la Michigan kaskazini mwa Marekani, lilikuwa na wakazi 123,851 katika sensa ya mwaka 2020. Uwanja wa futiboli wa Chuo Kikuu cha Michigan, uliomo ndani ya jiji hilo hilo, una nafasi ya watu 107,601. Tangu Novemba 1975 kila mechi ya nyumbani imehudhuriwa na watu zaidi ya 100,000, ukiacha msimu wa 2020 ambao korona iliwazuia mashabiki kuingia. Msomaji wa Dar es Salaam atapata picha akikumbuka kuwa Uwanja wa Benjamin Mkapa huchukua watu 60,000, tena katika jiji la mamilioni. Wanaocheza Ann Arbor ni wanafunzi, na hakuna timu ya kulipwa ya futiboli nchini Marekani yenye uwanja mkubwa kama wao. Mchezo wenyewe sio soka tunayoijua: mpira una ncha mbili, hubebwa mikononi au kurushwa, wachezaji 11 wa kila upande huvaa kofia ngumu na vikinga mabega, na timu hushindana kuusogeza kipande kwa kipande hadi mwisho wa eneo la wapinzani. Msimu wa kawaida huanza karibu na mwanzo wa Septemba na kuishia Novemba, na katika miezi hiyo takriban mitatu jiji hupokea mechi saba, mwaka mwingine nane, karibu zote Jumamosi.

Jumamosi hizo ni sikukuu, na uzito wake hauelezeki kwa matokeo ya mchezo peke yake. Magari huanza kuingia alfajiri. Shule ya sekondari ya Pioneer, iliyo ng'ambo ya barabara kutoka uwanjani, hugeuza viwanja vyake kuwa maegesho ya kulipia. Uwanja wa gofu wa chuo hufanya vivyo hivyo, na familia zinazokaa jirani husimama mbele ya nyumba zao na vibao vya bei, zikipanga magari ya wageni juu ya nyasi zao. Nyuma ya magari hufunguliwa meza na majiko ya mkaa, nyama inachomwa, vinywaji vinatolewa kwenye barafu, na watu waliosoma pamoja miaka 30 iliyopita wanakutana mahali pale pale walipokutana mwaka jana. Bendi ya chuo hupita ikipiga. Mtaani utaona mtoto wa miaka mitatu na bibi wa miaka themanini wamevaa rangi moja, njano na buluu. Wakazi wasiojali mpira nao wana ratiba yao: huenda sokoni Ijumaa, au husubiri mechi ianze ili barabara ziwe tupu, na anayepanga harusi ya Oktoba huangalia kwanza orodha ya mechi. Mimi naona jambo hili ni jema. Miji mingi ya leo haina hata siku moja ambapo profesa, fundi bomba na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wanapaza sauti moja kwa ajili ya kitu kimoja.

Ubaya unaanza pale sikukuu inapotetewa kwa lugha ya biashara. Viongozi wa vyuo, vyama vya wafanyabiashara na waandishi wa michezo wamezoea kusema kwamba kila mechi huleta mamilioni ya dola mjini, na kwamba bila hizo jiji lingedorora. Ni dai la mgeni njoo, mwenyeji apone. Hoja yangu ni kwamba mwenyeji haponi kwa kiasi anachoambiwa, na kwamba kwa sababu anaaminishwa anapona, haruhusiwi kuuliza nani anabeba gharama. Siku ya mechi ipendwe kama sikukuu, kisha ilipiwe kama sikukuu inavyolipiwa, kwa hesabu ya wazi na kwa ridhaa ya wenye mji.

Kwanza tuelewe kwa nini mchezo huu ulikita mizizi vyuoni. Chuo Kikuu cha Michigan kilianzishwa Detroit mwaka 1817 na kuhamia Ann Arbor 1837, na kama vyuo vingi vya umma nchini humo kikakulia katika mji mdogo. Futiboli yenyewe ilizaliwa na kulelewa na wanafunzi, miongo kadhaa kabla ligi za kulipwa hazijapata heshima. Januari 1902 Michigan ilikwenda California ikaifunga Stanford 49 kwa 0 katika mechi ya kwanza ya Rose Bowl. Kocha wa timu ile, Fielding Yost, ndiye aliyekuja kusimamia ujenzi wa uwanja uliofunguliwa mwaka 1927, sehemu kubwa yake ikiwa imechimbiwa ardhini, na misingi yake ikaachiwa nguvu ya kubeba nyongeza za baadaye. Katika mji usio na timu nyingine kubwa, timu ya chuo ikawa timu ya mji, halafu ya jimbo. Mtu ambaye hakuwahi kukanyaga darasa la chuo kile anaweza kulia machozi kikifungwa na hasimu wake, Ohio State.

Sasa fedha. Mwaka 2008 wanauchumi Robert Baade, Robert Baumann na Victor Matheson walichapisha utafiti uliopitia miji mingi ya Marekani yenye timu kubwa za vyuo kwa zaidi ya miongo mitatu, wakitafuta alama ya futiboli katika ajira na vipato vya wakazi. Hawakuiona. Idadi ya mechi za nyumbani haikuonekana kuinua uchumi wa mji, na hata ushindi wa timu haukuleta tofauti inayopimika. Mtu aliyeona baa zimefurika Jumamosi atashangaa, lakini sababu zake si za ajabu. Mkazi anayekimbia msongamano hafanyi manunuzi siku hiyo, au huyafanya siku nyingine, kwa hiyo fedha ya mgeni inaziba pengo la fedha ya mwenyeji. Wageni wengi hutoka vitongoji vya karibu, huja na chakula chao kwenye gari na kurudi kwao usiku. Tiketi, vyakula vya ndani ya uwanja na haki za televisheni huingia idara ya michezo ya chuo. Chumba cha hoteli kinachopandishwa bei mara tatu hakimwongezei mshahara mhudumu anayekisafisha, na faida yake mara nyingi huenda kwa kampuni ambayo makao yake hayapo mjini. Na zaidi ya yote, siku saba ni siku saba. Kinacholisha Ann Arbor ni chuo chenyewe kama mwajiri, maabara zake, hospitali yake kubwa, na wanafunzi zaidi ya 50,000 wanaolipa kodi ya nyumba na kununua mkate kila juma.

Mwenye baa atanipinga kwa kunikumbusha mwaka 2020, mechi zilipochezwa mbele ya viti vitupu na biashara nyingi za miji ya vyuo zikalia. Kilio kile kilikuwa cha kweli, wala sitaki kukipunguza. Lakini mwaka ule wanafunzi walisomea majumbani, migahawa iliwekewa masharti, mikutano na sherehe za mahafali zilifutwa; haiwezekani kuitoa futiboli peke yake katika msiba ule na kuibebesha hasara yote. Nakubali kwamba zipo biashara chache, karibu na uwanja hasa, ambazo Jumamosi saba ndizo zinazozivusha mwaka. Hizo zina haki ya kusikilizwa. Hazina haki ya kuzungumza kwa niaba ya jiji zima.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: kwamba ushindi hulitangaza jina la chuo. Hapo ushahidi upo. Mwanauchumi Michael Anderson ameonyesha kwamba timu inaposhinda, michango ya waliohitimu huongezeka na vijana wengi zaidi huomba nafasi. Michigan ilipoifunga Washington 34 kwa 13 Januari 2024 na kutwaa ubingwa wa taifa, jina lake lilitajwa katika kila nyumba ya Marekani. Lakini tuangalie faida hiyo inamwangukia nani. Michango huenda chuoni, na ardhi ya chuo hailipi kodi ya majengo kwa jiji, ilhali barabara, maji na zimamoto ni kazi ya jiji. Na dai kwamba chuo hakiwezi kuwa kikubwa bila futiboli kubwa, historia imekwisha kulijibu. Chuo Kikuu cha Chicago kilikuwa katika ligi moja na Michigan, na mchezaji wake Jay Berwanger alikuwa wa kwanza kupewa tuzo ya mchezaji bora ijulikanayo leo kama Heisman, mwaka 1935. Miaka minne baadaye rais wa chuo hicho, Robert Hutchins, aliifuta timu. Desemba 1942, chini ya majukwaa ya uwanja ule uliobaki bila mashabiki, Enrico Fermi na wenzake walifanikisha mmenyuko mnyororo wa kwanza wa nyuklia uliodhibitiwa. Chicago ilirudisha futiboli mwaka 1969, kwa kiwango cha kawaida kisicho na mamilioni, na hadhi yake kitaaluma haikushuka.

Gharama zenyewe ni zipi? Taka na foleni ni ndogo, husafishwa na kuisha. Kubwa ni usalama. Daniel Rees na Kevin Schnepel walichunguza kumbukumbu za polisi katika miji ya vyuo na kukuta kwamba siku ya mechi ya nyumbani mashambulio ya mwili huongezeka kwa takriban asilimia 9 na uharibifu wa mali kwa asilimia 18, na hali huwa mbaya zaidi timu isiyotarajiwa inaposhinda. Utafiti wa Jason Lindo na wenzake, uliochapishwa 2018, unaumiza zaidi: siku za mechi, taarifa za ubakaji ambao waathirika wake ni wanawake wa miaka 17 hadi 24 huongezeka kwa asilimia 28, na kwa mechi za nyumbani ongezeko ni kubwa kuliko hilo. Watafiti wanaihusisha hali hii na ulevi na sherehe zinazozunguka mchezo. Nimeona watu wakijibu kwamba wahalifu ni wachache kati ya mashabiki laki moja. Ni kweli, na shabiki mwema hana hatia. Lakini jiji linalojua mapema tarehe ambazo hatari itapanda, likajiandaa kwa kupanga magari na kuuza bia tu, limemwacha msichana wa miaka 19 alipe sehemu ya gharama ya furaha ya wengine.

Wakati huo huo, wenyeji wanazidi kupoteza usemi. Kwa miaka 84 uwanja wa Michigan haukuwahi kuwa na mechi ya usiku. Ya kwanza ilichezwa Septemba 2011 dhidi ya Notre Dame, na tangu hapo taa zimewashwa mara nyingi, kwa sababu saa za jioni zina watazamaji wengi wa televisheni. Mwaka 2022 ligi ya Big Ten, ambayo Michigan ni mwanachama, ilitangaza mkataba wa haki za matangazo wa miaka saba wenye thamani ya takriban dola bilioni 7. Televisheni sasa ndizo zinazochagua saa ya mechi nyingi, na mara nyingi hutangaza siku 12 au hata 6 tu kabla. Muuguzi mwenye zamu ya Jumamosi, mwenye duka anayepanga wafanyakazi na mzazi mwenye mtoto mchanga jirani na uwanja hujulishwa baada ya kila kitu kuamuliwa. Wachezaji nao walikaa pembeni ya fedha hizi kwa zaidi ya karne. Waliruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na picha zao kuanzia Julai 2021 tu, na mwaka 2025 mahakama iliidhinisha vyuo kuwagawia moja kwa moja hadi dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Ikiwa wachezaji wamepata haki hiyo baada ya kuidai mahakamani, wakazi hawana sababu ya kuona aibu kudai yao.

Anayedhani kwamba kuhoji futiboli ni kuitukana jamii atazame State College, Pennsylvania, mji wa watu 40,000 wenye uwanja wa watu zaidi ya 106,000. Novemba 2011 kocha msaidizi wa zamani wa Penn State, chuo cha mji huo, Jerry Sandusky, alishtakiwa kwa kuwadhulumu watoto kingono; mwaka uliofuata alipatikana na hatia katika mashtaka 45. Chuo kilipomwondoa kocha mkuu Joe Paterno kutokana na kashfa hiyo, aliyeiongoza timu tangu 1966, maelfu ya wanafunzi waliingia barabarani usiku ule wakapindua gari la kituo cha televisheni. Miaka sita baadaye rais wa zamani wa chuo na maofisa wawili walihukumiwa kwa kuhatarisha ustawi wa watoto. Mashabiki wa mji ule si watu waovu. Walikuwa wamefundishwa kwa miaka mingi kwamba timu ndiyo inayowashikilia wote, na mtu aliyeamini hivyo hawezi kuuliza swali gumu bila kuhisi anabomoa nyumba yake mwenyewe. Kadiri mji unavyoambiwa kwamba unaishi kwa hisani ya timu, ndivyo timu inavyokuwa juu ya maswali.

Ninachokitaka ni kidogo kuliko kile alichokifanya Hutchins. Mechi ziendelee, magari yaegeshwe kwenye nyasi, majiko yawake. Ila saa za mechi zitangazwe zote kabla ya msimu kuanza. Chuo kilipe polisi, usafi na mabasi ya usiku ya kuwarudisha watu salama, hasa wanawake vijana, hadi mlangoni. Takwimu za mashambulio ya siku za mechi zichapishwe kila msimu karibu na takwimu za mahudhurio, ili mwenye mji azisome zote mbili pamoja. Na halmashauri ya jiji iwe na kura pale mechi inapohamishiwa usiku. Chuo chenye mgao katika mkataba wa dola bilioni 7 kinaweza kumudu yote haya bila kuuza hata kiti kimoja zaidi.